Kwa Loisi, Kabla Hujapanda Mashua

Loisi, uji uko jikoni, mpe babu kwanza. Nimetangulia Bahi, kule bwawani, kwenye mashua ya matembezi ya Bibi Mdachi, nawe unifuate kesho. Ukipanda, kanyaga katikati. Kamba usiizungushie mkononi. Upepo ukivuta, itakukata vidole.

Asubuhi baba yako alinigombeza kwa kuwa jana mashuani, upepo ulipogeuka, nilimwamuru Bibi aketi. "Dada, utatuchapisha viboko," alisema. Alipokwenda shambani, mjumbe akaja: Bibi anamtaka yule yule aliyemwambia aketi, amwongozee mashua.

~~Usimwambie baba yako.~~ Mwambie, lakini akishakula.

Nawe ukiona hatari majini, usingoje mkubwa aione. Sema.

Shangazi yako,
Priska