Redio Kaseti ya Darasa la Pili

Msimbati, Mtwara
Jumapili, 14 Oktoba 2001

Mwanangu Bwanaheri,

Assalaam alaykum. Nakusalimu wewe, namsalimu mkeo, namsalimu na yule mdogo mliyemzaa mwaka jana, ambaye mpaka leo sijui anafanana na nani kwa kuwa picha mnazosema mtatuma hazitumwi. Mimi sijambo. Goti langu la kulia linanisumbua, hasa nikiinuka kwenye mkeka, lakini goti haliandiki barua, basi tuliache. Muhogo tumepata, korosho zimeanza kudondoka, na paa la jikoni uliloahidi kulitengeneza tangu Mfunguo Mosi, mwezi wa Idi, bado linakusubiri wewe.

Barua hii ni ndefu. Nimeianza Alhamisi. Naandika kidogo, naenda kugeuza makopa yangu ya muhogo juani, narudi. Darasa la tatu nililosoma Mikindani enzi za Mwingereza si haba, ila miwani uliyoninunulia ina jicho moja linaloona na jingine linalosindikiza. Kaa chini uisome mpaka mwisho. Usifanye kama ulivyozoea, kuitupia macho juu na chini halafu ukamuuliza mkeo mama anataka nini safari hii.

Mwezi wa pili uliniandikia maneno ambayo sijayasahau. Ulisema Farida ana miaka minane na hajaweza kukuandikia hata mstari mmoja, kwamba huku kwetu watoto wanakwenda shule kukaa tu, na kwamba kama mpaka Desemba hujauona mwandiko wake utakuja kumchukua akasome huko Morogoro. Niliisoma mara mbili, nikaikunja, nikaiweka chini ya godoro, na siku ile sikula. Mliniachia mtoto huyu ana miaka mitatu. Tangu hapo hakuna asubuhi niliyoamka peke yangu. Hilo ulijue kwanza. Baadaye barua zake tatu zikakufikia, ukafurahi, ukatuma na viatu. Habari ya barua hizo nitaifikia. Usinikimbize.

Ukweli ni kwamba mke mwenzangu huyu, Farida wako, alikuwa hataki kuandika. Si mjinga, nani kasema? Anaongea tangu anapofumbua macho mpaka uji unapoa mbele yake. Mpe peni sasa, mkono unakuwa bubu. Mwalimu wake wa mwanzo alikuwa akiwaandikia ubaoni, Hawa ana kikapu, kikapu cha Hawa ni kikubwa, nao wanakili. Farida akarudi nyumbani akaniuliza huyo Hawa ni wa nyumba ipi. Nikamwambia simjui. Akasema basi na yeye hamjui, sasa kikapu chake kinamhusu nini? Nilimchapa kwa jibu lile, kisha nikaenda nyuma ya nyumba kucheka. Kuchapwa hakukusaidia kitu. Na usinifundishe kulea. Wewe nawe ulichapwa, na leo una kazi karakana.

Mwezi wa tano tukaletewa mwalimu mpya, binti wa huko Kilimanjaro, jina lake Glory. Mwembamba, ukimwona utasema upepo wa huku utamchukua. Alishuka garini na begi moja, na kifuani kakumbatia redio kaseti kubwa kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Nikamwambia jirani yangu Sabina, haya, serikali imetuletea mcheza dansi. Haikupita wiki nikasikia darasa la pili, darasa la Farida, wanapiga kelele mpaka kuku wangu wanatoka kwenye mayai. Nikafunga kanga vizuri, nikaenda kumkanya.

Nilisimama dirishani nisionekane. Watoto sabini na nane, wengine chini sakafuni, redio ipo mezani. Mwalimu akamwita mtoto wa Muzamil mvuvi, yule mwenye haya ambaye hata salamu hujibu kwa kuangalia miguu yake, akamwambia aeleze asubuhi ile alifanya nini. Mtoto akanong'ona kwamba alifukuzwa na jogoo mpaka kisimani. Mwalimu akabonyeza, akarudisha nyuma, akabonyeza tena, na sauti ya mtoto yule ikatoka ndani ya redio. Darasa zima likaruka. Mwenyewe akaingia chini ya dawati, halafu akatoa kichwa akauliza ni nani huyo aliyemo mle ndani anayemjua jogoo wao.

Binti yule akawaambia sauti hii betri zikiisha hamtaisikia tena, anayetaka ibaki kwake aiweke kwenye daftari. Basi anafungulia maneno matatu manne, anazima, wanaandika. Anayetaka kusikia jogoo alifanya nini baadaye lazima aonyeshe kwanza aliyokwisha kuyaandika. Nikawaona watoto wameinama, ndimi nje, kimya kama wanakula pilau. Nilikuwa nimekwenda kumkanya mtu, nikajikuta nasubiri pale dirishani nijue habari ya jogoo.

Sasa sikiliza jambo la peni. Betri huku ni shida. Zikichoka sauti inazama, mtoto wa miaka minane anaongea kama shehe mwenye mafua, wao wanacheka mpaka wanalia, kisha wanazitoa na kuzianika juani juu ya bati zipate nguvu kidogo. Ili zisiishe upesi, kaseti hairudishwi kwa redio. Wanaitoa, wanachomeka peni kwenye tundu lake, wanaizungusha kwa mkono. Kazi hiyo kila mtoto anaitaka, wanaigombania. Mwalimu akatoa amri kwamba wa kuzungusha ni yule ambaye peni yake imeandika mistari mitatu siku hiyo. Hivyo ndivyo mwanao alivyoshika peni, Bwanaheri. Fimbo yangu haikuingia hapo.

Zamu yake ya kusema ilipofika alisema mpaka mkanda ukafika mwisho wenyewe. Kisha akaambiwa haya, andika yote uliyosema. Akalia. Akaandika siku nne. Mistari ya mwanzo ilikuwa hii: Naitwa Farida. Bibi yangu anakoroma. Akiamka anasema hakukoroma. Kikaratasi hicho nimekitunza ndani ya sanduku langu, ingawa ni matusi.

Mwezi wa nane mwalimu akaanza kuwapa redio waende nayo nyumbani, kila Ijumaa mtoto mmoja, wamrekodi mtu mzima akieleza kazi yake. Ilipofika kwetu nilioga, nikavaa kanga mpya, nikakaa kwenye kibao nikaanza kueleza makopa yanavyotengenezwa. Unamenya muhogo, unaupasua, unauanika. Nimefika hapo kwenye kuanika, anaingia mbuzi wa Mwalimu Mkuu, Mwalimu Godfrey, anapanda juu ya jamvi langu na kuanza kula. Redio niliisahau palepale. Nilisema mbuzi hana kosa, kosa ni la anayefuga kwa kutegemea sahani za wenzake. Nilisema kama watoto wetu wanafundishwa kama anavyofundishwa mbuzi huyu, basi tumekwisha. Na mengine nilisema. Mke mwenzangu kasimama pembeni, kidole kwenye kitufe, hakuzima.

Siku ya wazazi ikaja. Tumekaa, Mwalimu Mkuu yuko mbele na tai yake. Farida akaitwa, akasimama na daftari, akasoma kazi ya bibi yake. Kumenya, sawa. Kupasua, sawa. Nikawa nawaangalia watu niwaone wanavyonitazama. Alipofika kwenye kuanika nikakumbuka. Nilimkonyeza, nikakohoa, nikamwonyesha kwa mkono akae. Alisoma yote. Ile ya sahani za wenzake aliisoma, ya tumekwisha akaisoma, na yale mengine ambayo kwako siyaandiki akayasoma kwa sauti nzuri ya wazi. Mwalimu Glory kafunika uso kwa daftari la mahudhurio, mabega yanatikisika. Sabina alianguka kutoka kwenye benchi kwa kucheka.

Mwalimu Mkuu akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Mimi natafuta mlango uko wapi. Akasimama akasema kwamba katika miaka yake yote ya ualimu hajapata kumsikia mtoto wa darasa la pili akisoma kurasa mbili alizoziandika mwenyewe bila kukwama, na kwamba mbuzi atafungwa kuanzia jioni ile. Na kweli kafungwa. Kesho yake nilimpelekea beseni la makopa. Sikwenda kuomba radhi, nilipeleka makopa tu.

Siku hizi kijiji hiki hakina siri. Watoto wanaandika kwa mkaa kwenye kuta, kwa kijiti mchangani, kwenye majani ya mgomba. Mwenye duka kakuta ukutani kwake kumeandikwa, unga wako una wadudu. Akafuta, akafoka, kisha akaumwaga ule unga. Asubuhi nikitoka nakuta mlangoni kwangu nimeandikiwa chini: Bibi umekoroma tena.

Haya. Nimefika pale ninapopazunguka tangu Alhamisi.

Zile barua tatu ulizozipata, ya mwezi wa tatu, ya mwezi wa nne na ya mwezi wa sita, hakuziandika Farida. Niliziandika mimi. Nilishika peni kwa mkono wa kushoto ili herufi zianguke kama za mtoto, na ile ya pili nikaidondoshea mafuta ya taa kwa makusudi, ionekane ya mtoto kweli. Yale maneno, baba nakukumbuka kuliko asali, ni yangu mimi. Mwanao hajapata kuyasema, na asali yenyewe haipendi. Ukanijibu kwamba uliyasoma ukatokwa na machozi, nami nikajiona fundi. Usidhani nilifanya ili nikufurahishe. Niliiogopa Desemba yako.

Viatu vilipofika mwezi uliopita, Farida alivivaa akazunguka navyo nyumba nzima. Kisha akachukua barua yako iliyokuja navyo, akaisoma mwenyewe, maana sasa anasoma. Akafika kwenye shukrani zako za ile asali. Akaniuliza, maneno haya yeye aliyasema lini? Nikamwambia amesahau. Akaurudia mstari ule kwa kidole. Halafu akasema kwamba maneno ya mtu ni yale ambayo kaseti ikizungushwa mpaka mwanzo atajisikia mwenyewe humo ndani, na haya hata izungushwe mpaka mkanda ukatike hatajisikia. Akavua viatu, akaviweka juu ya kabati. Viko huko vinang'aa, yeye anakwenda shule na ndala zilizoungwa kwa waya. Nimembembeleza, nimemgombeza, nimemwambia mguu utakua vimbane. Akanijibu avivae aliyeandika. Mguu wangu huu, Bwanaheri, na viatu vya namba thelathini na moja!

Wiki iliyopita akakuandikia barua, ya kweli, kurasa mbili, kwa siku tatu. Nikamwambia ilete niitie bahasha moja na yangu. Akasema yake haikai bahasha moja na uongo. Nikuandikie kwanza niliyoyafanya, ndipo ataitoa. Nina miaka sitini na moja, nimezika mume, nimewazaa ninyi watano, na sijapata kuamrishwa hivyo na mtu mwenye kimo cha kinu. Basi nimeandika.

Nisamehe mwanangu. Neno hilo sijakuambia tangu nikuzae, kwa hiyo lisome taratibu, sitalirudia.

Barua yake ni hiyo iliyokunjwa mara nne. Sijaisoma, kanikataza, na safari hii nimetii. Sijui kakuomba nini. Aliniuliza jambo moja tu, basi kutoka Morogoro mpaka huku linachukua siku ngapi. Nikamwambia mvua isiponyesha siku mbili, ikinyesha anajua Mungu. Nilitaka kumuuliza ni siku za kuja au za kwenda, nikaenda kugeuza makopa. Kama kakuandikia kwamba anataka kuja kwenu, njoo umchukue. Ni mwanao, na amekwisha kujua kuandika, kwa hiyo huna la kunidai wala mimi sina la kukuzuia. Nitamfungia makopa ya njiani, na mbele yenu sitalia. Ila usije ukamtia shule ya Hawa na kikapu chake, maana nitalisikia hilo na nitakuja mwenyewe na goti langu.

Sabina anakusalimu, anauliza lini utaleta picha. Mwalimu Glory anakusalimu ingawa hamjuani. Mbusu huyo mdogo, mwambie ana bibi huku anayemgombeza toka mbali ili azoee. Mungu akulinde na mashine za karakana yako, na ule, usiwe unakunywa chai tu.

Nimeandika haya yote kwa mkono wangu wa kulia,

Mama yako mzazi,
Somoe binti Ismaili

Baba, bibi amenipa nisome kabla hajafunga bahasha. Nimesoma yote. Ni kweli, ila goti linalouma ni la kushoto. Viatu nimevaa leo. Ukija Desemba lete betri kubwa nne za redio, na nne nyingine za mwakani.

Farida