Baba Amesimama Mlangoni

Nyumbani, ghorofa ya pili
Jumapili alasiri, 9 Machi

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. U hali gani huko, na kile kifua kimepona? Sisi hatujambo. Mama sasa anatembea bila mkongojo, na cherehani yangu haipumziki.

Ule mchezo uliotutumia ulifika salama. Kila Jumapili tunatandaza ile ramani ya miraba mezani. Shemeji yako huacha ufundi wake wa mabomba ya maji, siku hiyo ni msimulizi wa mchezo, na maadui wote huwachezesha yeye. Mimi na Shangazi ndio mashujaa. Vifungo vya nguo vinasimama badala yetu, na dadu ya pande ishirini ndiyo inayoamua nani kampata nani.

Habari kubwa ni Baba. Unajua tangu astaafu ubawabu wa hospitali alikuwa haongei, ni yeye na redio yake tu. Basi Jumapili iliyopita, mchezoni, majambazi sita walituzingira uani mwa ngome. Shangazi alikuwa amebakiza pigo moja afe, akataka kutimua mbio.

Redio ikazimwa. Baba akavuta kiti.

"Usimpe adui mgongo, atakupiga bure," akamwambia. "Rudi kinyumenyume, ngao mbele, mpaka mlangoni. Hapo watakuja mmoja mmoja."

Akachukua kifungo cheusi cha koti, akakiweka mlangoni: ndiye yeye. Shangazi akajibanza nyuma yake. Mimi akanipitisha dirishani, nizunguke nitokee nyuma ya mkuu wao. Yule jambazi, Baba yuko mbele, mimi niko nyuma, hakujua amkabili nani. Dadu ikatoa ishirini, akaenda chini. Wenzake wakatupa silaha.

Shemeji yako akanuna. "Mzee, umewapanga majambazi wangu foleni kama wagonjwa."

"Miaka thelathini nimesimama langoni," Baba akamjibu. "Hao sita ni asubuhi ya kawaida." Kisha akacheka, Kaka, mpaka akafuta machozi. Mama alitoka jikoni kuhakikisha kama kweli ni yeye.

Tangu hapo maneno hayamwishi. Leo katandaza ramani mwenyewe kabla ya chai, akatuita. Na wewe kakuchagulia kifungo, kile kikubwa cha bluu, kakiweka kuume kwake. Shangazi alipotaka kusimama hapo, akamwambia pana mwenyewe.

Shangazi na shemeji yako wanakusalimu sana, na kinyozi wa chini anakuulizia. Mungu akutunze huko uliko na akurudishe kwetu mzima.

Mdogo wako akupendaye siku zote,
Fundi Cherehani