Ngozi Niliyoipaka Mafuta

Saint-Gilles, Bruxelles
Jumapili, mwezi wa pili

Papa mpendwa,

Assalaam alaykum. Natumaini kifua kimetulia, na kwamba bado unakaa kwenye kigoda chako mbele ya duka ukigombana na watu wanaokuletea viatu vilivyokufa zamani. Mimi ni mzima, miguu yote miwili. Nakuambia hilo mapema kwa sababu najua ulichoambiwa. Shabani, wewe unayemsomea Papa barua hii, soma kila neno. Usiruke palipo na ubishi.

Tonton Saidi alikupigia simu kabla sijakanyaga mlango wa kwangu. Alikuwa ameiona kwenye simu picha tuliyopigwa mlimani. Akakuambia nimepotea, napanda milima ya theluji kwa suruali pamoja na Wazungu, na kwamba nimeichana kanga ya marehemu Mama uliyonipa siku ya kuondoka. Ukamtuma aniambie niache. Alikuja, akakataa hata chai. "Bon, papa yako amesema basi. Weye mtoto wa joto la Buyenzi, theluji inakuhusu nini?" Nilimsikiliza mpaka mwisho kwa sababu ni kaka wa Mama. Sasa na wewe unisikilize mimi. Yote aliyosema ni kweli, isipokuwa hakukuambia sababu.

Furaha, nesi wa Bukavu ninayefanya naye kazi kwenye nyumba ya wazee kule Berchem, ndiye aliyeniingiza kwenye kikundi hiki cha kupanda milima. Msimu wa baridi wanakwenda kwa basi dogo hadi milimani Ufaransa. Wanapanda asubuhi na mapema mahali pasipo na mashine za kuvuta watu, kisha wanateleza kushuka. Unafunga ski miguuni, mbao mbili ndefu nyembamba, na ili zisirudi nyuma ukipanda, chini yake unabandika utepe wenye manyoya mafupi. Unaujua mgongo wa ng'ombe: ukipapasa kuelekea mkia mkono unapita, ukirudisha, manyoya yanakataa. Ni hivyo hivyo. Utepe huo wanauita ngozi, peau, ingawa siku hizi ni kitambaa tu.

Hapo ndipo uliponiponza, Papa. Furaha aliniazima zake akasema, "Izi peaux uzichunge muzuri, zisikauke." Nani wa kumfundisha binti yako kutunza ngozi? Nimekua nikikusikia ukisema ngozi kavu ni kuni. Ijumaa, kabla ya safari, nilikaa jikoni nikazipaka vazilini upande wa manyoya, mara mbili, nikazisugua kwa kidole gumba mpaka zikang'aa. Nikajisifu.

Asubuhi yenyewe nilisali alfajiri kwenye kibanda cha mlimani, nimejitanda kanga ile, na tukatoka kabla jua halijachomoza. Theluji ilikuwa mbaya. Juzi yake ilikuwa imenyesha mvua, kisha baridi ikaigandisha: juu ukoko, chini uji. Ukoko unakubeba hatua tatu, ya nne unavunjika na mguu unazama hadi gotini. Mteremko ulipoanza, pakawa pagumu na laini kama sahani. Wenzangu walipanda. Mimi hatua moja mbele, mbili nyuma. Nilianguka kifudifudi, nikaanguka ubavu. Luc, kiongozi wetu, fundi umeme mstaafu, alirudi, akainua ski yangu, akapitisha kidole, akanusa.

"C'est quoi, ça?"

"Vazilini," nikasema.

Walicheka wote. Kumbe kisichotakiwa kukauka ni gundi ya upande wa pili; manyoya yenye mafuta hayashiki theluji. Furaha alicheka hadi akakaa chini. Hata mimi ningecheka, lakini Luc akafuta kidole akasema basi, nirudi kibandani niwasubiri.

"Rudia tu kule kibandani, dada," Furaha akaniambia. "Hakuna haya. Neige ya leo ni mubaya."

Haikuwa haya. Pasaka wanakwenda tena, siku nne, na Luc alikuwa akichagua watu asubuhi ile. Anayeishia njiani hachaguliwi. Na mimi, Papa, nimechoka kurudishwa. Huku kila mlango una mtu anayejua nisichoweza kabla hajanijua jina. Sasa hata mlima?

Nilivua kanga nikaichana, nikianzia kwa meno, vipande virefu sita. Nikavizungusha kwenye ski, mbele na nyuma ya kiatu, nikavifunga kwa fundo lako lile unalowafungia wachukuzi kamba za mizigo, linalozidi kukaza kadiri linavyovutwa. Vidole viliuma hadi machozi yakanitoka. Luc alikuwa anatazama saa. Nikasimama, nikakanyaga, na kitambaa kikashika.

"Bon," akasema. "On verra." Yaani, tutaona.

Nilifika juu wa mwisho, wenzangu wameshamaliza chai. Fundo moja tu ndilo lililolegea, na hilo nililifunga vibaya mwenyewe. Nilifurahi, Papa. Sikumbuki kufurahi hivyo tangu nije huku. Kushuka usiniulize; ukoko ulinivunjikia kila kona, na nimerudi na goti la rangi ya bilinganya. Jumatatu niliwainua wazee vitandani kama kawaida.

Kuhusu kanga ya Mama, nilie nini? Yeye mwenyewe alichana ngapi akifunga vidonda vya watu wa mtaa mzima?

Jina langu limo kwenye orodha ya Pasaka, na nitakwenda. Sikuombi ruhusa. Nakuomba dua, na ufundi kidogo: mafuta yakishaingia kwenye manyoya, yanatolewaje? Nimejaribu sabuni, nimejaribu unga wa mahindi, bado yanateleza, na Furaha anazitaka ngozi zake.

Nisalimie shangazi Mariamu na samaki wake wa ndagala, na mzee wa duka la pili anayeazima sindano zako bila kuzirudisha. Msalimie na Shabani mwenyewe, ambaye najua alisimama kusoma akacheka pale kwenye vazilini.

Kama umekasirika na hutaki kunijibu, sawa. Doti ya Mama ina pande mbili, na mimi nimechana mmoja; wa pili ninao, wa Pasaka.

Binti yako,
Zaituni