Dawa Inayowasha

Mke wangu Tausi,

Mwangaluka, ndivyo wanavyoamkiana asubuhi huku Zagayu ninakopakia pamba ya wanunuzi binafsi.

Juzi watafiti wa malaria walituuliza mkutanoni waanze kuchunguza nini. Mwenye nyumba wangu, Mama Holo, akasimama. "Tafuteni dawa isiyowasha. Huyu mpangaji wangu anatetemeka kwa homa, na klorokwini kaificha kwenye kiatu."

Watu wakaangua kicheko. Mtafiti akaandika, kisha akaniambia, "Utafiti utachukua miaka, kaka. Homa yako haingoji." Nikameza mbele ya wote.

Leo homa imepungua, ila najikuna kama mbuzi mwenye upele. Mtoto akiugua, amalize vidonge vyote. Nakukumbuka sana, hasa mgongoni, pale mkono wangu usipofika.

Mumeo,
Hamisi