Kazija hakutoka majini

Fakhriya, leo dada yangu Kazija nusura avutwe na juya, ule wavu wa kukokota.

Tulikuwa Kiuyu na wenzetu wa kujitolea, tunapima nyasi za baharini. Yeye anazama kuhesabu mashina, sie kwenye kidau chetu tunaandika.

Ikaja boti inakokota juya, linang'oa kila kitu chini. Nahodha akasema, "We mwanamke, toka, tunapita."

Kazija akasimama, maji kifuani. "Samaki wanazalia hapa. Ukitaka kupita, nivute na mie."

Yaani nivute na mie. Kamwambia hivyo hivyo, mbele ya mabaharia wake.

Midomo ilimtetemeka, nimeiona. Lakini hakusogea hata hatua. Yule bwana kamtazama weee, mwisho akageuza boti.

Kazija katwambia, "Andikeni sitini na mbili," akazama tena.