Wimbo wa Mwisho Upande wa Pili

Baba yangu mpendwa,

Nina hasira, na sioni mwingine wa kumwambia zaidi yako.

Unakikumbuka kibanda chako cha kunyolea pale Kibara? Wavuvi wanaingia wakinuka dagaa, wanakaa kitini, wanadai ule wimbo wa Wazungu uliokuwa ukipigwa na kila redio. Unawapigia mara moja, kisha unageuza kaseti. "Sasa sikilizeni muziki," unasema, mkasi ukiwa hewani. Unaanza ule wa mwisho upande wa pili: gitaa moja tu, na mwanamke anayeimba kama aliyezuia kilio toka asubuhi.

"Mzee, huu unatulaza!" walilalamika. Hukujali. Kiingereza hukukijua, ukaujazia maneno yako ya Kijita, habari za mama aliyeuza mihogo yote asijibakishie hata mmoja. Nami kwenye benchi, na sare yangu ya shule, niliamini ndivyo wimbo unavyosema.

Ulipofariki, baba mdogo alizichukua kaseti akarekodia mazoezi ya kwaya. Zote, Baba. Nilipomuuliza alishangaa: "Kwani zile kelele ulikuwaga unazisikiliza?"

Tangu hapo nautafuta wimbo wako. Jina lake silijui, wala la mwimbaji. Nimeuimbia simu initafutie, ikaniletea nyimbo za chekechea. Nikatoka kwangu Kamunyonge hadi redioni hapa Musoma. Mtangazaji alisikiliza nusu ubeti, akacheka. "Dada, huo haukuwahi hata kuvuma. Chagua unaojulikana." Kana kwamba usiovuma haukuimbwa na mtu!

Jumamosi tulikuwa Kibara kwa kumbukumbu yako. Mpiga muziki akaweka uleule wa Wazungu, eti ndio uliokuwa ukiupenda. Watu wakatikisa vichwa huku wakila wali. Nikashindwa kuvumilia. Nikanyakua kipaza sauti, nikaanza wako, kwa Kijita chako. Sauti ilikwaruza. Baba mdogo akaanzisha pambio anifunike. Ndipo mama, yeye aliyekuwa akitoka nje kila ulipoupiga, akamshika mkono.

"Mwache amalize. Marehemu alikuwaga haukatishi."

Nikamaliza. Hakuna aliyepiga makofi. Mama akanivuta pembeni, nikadhani atanigombeza. Akasema nimeruka ubeti mzima, ule wa mume anayerudi na sato mmoja akamwekea mkewe upande wenye nyama. Akauimba wote, taratibu, bila kukosea hata neno.

Nikamuuliza kwa nini basi alikuwa akitoka nje. "Ningebaki ningelia mbele ya wateja," akajibu.

Nimehangaika na simu, nimechekwa redioni, kumbe wimbo ulikuwa jikoni kwetu ukisonga ugali! Mngeniambia, Baba. Mmoja wenu angeniambia.

Pumzika. Kesho narudi Kibara, mama anifundishe ule ubeti.

Ni mimi, binti yako wa kwenye benchi.