Sori Niliyomwambia Mwende

Buruburu, Jumapili, 14 Agosti 1983

Neno hilo la Kiingereza, sori, nimelifundisha miaka thelathini, na bado hapa nyumbani lina kazi nyingi kuliko nilizofundisha. Nikikohoa, binti yangu Mwende husema sori, yaani pole. Asiponisikia husema sori, yaani nirudie. Akimwaga chai yangu, sori, yaani amekosa.

Mimi nami nimemwambia sori mara nyingi, nikijificha humo humo.

Leo asubuhi alikuwa akininyoa ndevu. Nikaanza tena, "Mwende, sori kwa yale ya shuleni."

"Yapi, baba? Usitikisike, nitakukata."

Nikaliacha neno hilo. "Nilikukosea. Ulikuwa na miaka saba. Uliniita kwa Kikamba darasani kwangu, palipotakiwa Kiingereza tupu, nikakuvalisha kibao cha aibu shingoni wiki nzima, ili walimu wenzangu waone sipendelei mtoto wangu."

Wembe ukasimama. Niliogopa, lakini sikurudi nyuma. Daktari hakunificha kitu, na siwezi kufa nikiwa na...

"Waya wa kile kibao ulinichubua hapa," akasema, akainama. Nikapapasa kisogo chake mpaka nikalifikia kovu. Aliniacha nilishike nilivyotaka, kisha akamalizia shavu la kushoto.